Plakete Mbili za Shaba

Kwetu Likasi, mji wa shaba, kitu hakiingii nyumbani kabla hakijakwaruzwa. Sufuria, bawaba, kitasa cha mlango, hata medali ya Bikira Maria: mtu anachukua msumari, anakwaruza pembeni, anachungulia kuna nini chini. Ukionekana wekundu wa shaba, analipa. Kikionekana kitu cheupe kilichopakwa rangi, anamrudishia muuzaji na kumtazama kama mwizi. Baba yangu, aliyezeekea kwenye kiwanda cha kuyeyushia shaba, ana msumari wake maalumu mfukoni. Tabia hiyo aliipata kwa babu, naye alikuwa mtu wa shaba, ambaye aliwafundisha watoto wake wawili, baba yangu na dada yake, kukwaruza kabla ya kuamini.

Nayasema haya mapema kwa sababu bila msumari huo hutaelewa jinsi mtu mwenye akili zake timamu alivyochagua vibaya breki za pikipiki.

Huyo dada yake, shangazi yangu, anaishi kando ya ziwa Tshangalele, alikoolewa. Mwaka huu alituma ujumbe wa sauti kwa simu ya jirani. Macho yake yanazima, alisema. Moja limekwisha, la pili linaona ukungu. Alitaka kumwona kaka yake kabla na hilo halijafunga. Baba alitaka sauti ile irudiwe, kisha irudiwe tena, halafu akasema tutakwenda. Lakini mgongo wake umeharibika. Kwenye gari za kwenda kule anakunjwa katikati ya magunia mpaka jasho la maumivu linamtoka. Kwenye pikipiki yangu anakaa wima, na akikaa wima mgongo unamwacha kwa amani. Basi ilikuwa pikipiki, au hakuna safari.

Na pikipiki ilikuwa inalia. Kila nilipobana breki ya mbele, chuma kilisaga chuma. Nilifungua nikakuta plakete, vile vibao viwili vinavyoibana sahani ya gurudumu ili lisimame, zimekwisha kabisa.

Sokoni, mama anayeuza vipande vya pikipiki alitutolea pakiti mbili.

"Hii iko ya mulaini, hii iko ya nguvu," alisema. "Batu banatwalaka paka ya nguvu." Yaani watu huchukua zile za nguvu tu.

Mimi ni fundi cherehani, na kitu sikielewi mpaka nikishike. Za kwanza zilikuwa nyeusi na nyepesi, zikiniachia unga kwenye kucha. Za pili zilikuwa nzito na baridi, na uso wake ulimetameta kidogo. Nikaanza maswali. Zimetengenezwa na nini? Zipi zinapenda mvua? Zipi zinaila sahani? Mke wangu husema nikifika mbinguni nitamuuliza Petro funguo zake zilichongwa wapi. Lakini kuuliza si ujinga, na yule mama alikuwa ameshaanza kunijibu kwa subira, baba alipotoa msumari wake.

Alikwaruza ile nzito. Wekundu ukachungulia.

"Unaona? Iko na shaba ndani. Hii njo ya kutwala. Ile ingine ni makala na gundi," alisema, yaani makaa.

"Papa, tumuulize mama kwanza..."

"Mwana, shaba njo ilikulisha weye."

Tukanunua za shaba.

Zilishika, sikatai. Zilishika mno. Siku ya kuzijaribu tulichukua mteremko wa kuelekea Kakontwe, ambako malori ya chokaa huacha vumbi jeupe barabarani. Mbuzi akakatiza. Nikabana kama nilivyozoea, gurudumu likakamata ghafla, na baba akanigonga mgongoni kwa kifua chake akatoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake. Nilisimamisha. Alishuka, akajishika kiuno. Mbuzi alikuwa ng'ambo akitutazama.

"Turudiye," baba alisema hatimaye. "Ku Tshangalele hatuende tena. Dada yangu atanisamehe."

Iliniuma. Nilikasirika pia, ila sikujua nimkasirikie nani: mbuzi, baba, au shaba yenyewe. Nilijaribu kujifunza kubana kwa kidole kimoja, polepole. Ilifaa barabara ikiwa tupu, lakini woga ukikushika, kidole hakikumbuki mafunzo. Nikaanza kujiuliza swali ambalo msumari hauwezi kulijibu. Tulikuwa tumetazama kilichomo ndani ya plakete. Hatukutazama namna nguvu yake inavyomfikia mtu aliyekaa nyuma.

Nikafunga ndoo ya maji kwenye kiti cha nyuma, mahali pa baba.

Mtaani kwetu kuna nguzo ya umeme, na njia ya hapo ni tambarare. Nikaja kwa mwendo wa kawaida, nikabana nilipoifikia. Maji yakaruka yakanimwagikia shingoni mpaka kiunoni.

"Fundi eko anabatiza pikipiki!" jirani akapiga kelele, na watoto wake wakacheka hadi wakakaa chini.

Wacha wacheke. Kesho yake nilirudi sokoni peke yangu nikanunua zile nyeusi. Mwanzoni ziliteleza, maana plakete mpya, kama viatu vipya, lazima zizoeane na sahani. Nikazibana kwa upole mara nyingi mpaka zikakaa vizuri kwenye sahani. Halafu ndoo. Maji yalipanda hadi ukingoni, yakainama, yakarudi. Nilicheka peke yangu. Nikarudia kwa sababu sikuamini. Ni kweli nilisimama baada ya kuipita nguzo kidogo, hilo nalikiri, na yule mama wa sokoni alikuwa ameniambia zitakwisha upesi na hazipendi matope. Mtu aliye peke yake, anayewahi kazi Kakanda kwenye mvua kubwa, huenda nikamshauri achukue za shaba. Lakini ilikuwa kiangazi, na wa kubebwa alikuwa mzee.

Kilichobaki ni kumwambia. Niligeuka nikitafuta maneno, kumbe baba alikuwa kizingitini, ametazama mambo yote.

"Fungia tena ya shaba," alisema.

Nikafungia. Nikajaza ndoo, nikaja, nikabana, nikalowa. Akaniamuru nirudishe nyeusi, nijaze tena ndoo, nije tena. Jioni ilikuwa inaingia na vidole vyangu vilikuwa vyeusi kwa masizi. Safari hii alikuja mwenyewe akatia mkono ndani ya ndoo kupima maji yaliyobaki. Yalimfika kwenye kifundo cha mkono, yakapita.

"Shaba iko muzuri," alisema bila kunitazama. "Lakini juu ya mugongo yangu, hapana."

Nilinyoosha mkono nizichukue zile za shaba, nizitupe kwenye sanduku la vyuma. Akaniwahi. Alizifuta moja moja, akazifunga kwenye leso, akazitia mfukoni.

"Hii njo yangu," alisema, nami nikamwacha.

Tuliondoka asubuhi kukiwa bado na baridi, yeye akiwa na koti la misa. Kwenye mteremko wa kwenda ziwani nilibana kwenye kila kona, na kila nilipobana nilisubiri ile sauti. Sikuisikia. Baada ya kona kadhaa nilisikia kitu kingine: alikuwa anaimba wimbo wa komunyo, chinichini, kwa sauti yake ya besi. Nilifurahi mno, nikaimba naye, nikiharibu kama kawaida.

Shangazi alikuwa kwenye mkeka mbele ya nyumba, karibu na samaki waliokuwa wanakaushwa. Aliposikia injini ikizima aliinua kichwa, akakielekeza pembeni kidogo ya tulipokuwa.

"Ni nani?"

Baba alisogea taratibu, akatoa leso, akaweka plakete moja kwenye kiganja cha dada yake. Nyingine ikabaki mfukoni. Shangazi aliigeuza, akaipima uzito, akapitisha kidole juu yake. Uso wake ukabadilika. Kisha akanyoosha mkono wa pili, ukiwa mtupu.

"Musumari," alisema.

Baba akampa. Shangazi akakwaruza, akaupuliza unga, akakileta kile kibao juu mpaka kikakaribia kugusa jicho lake linaloona. Sote tulisubiri.

"Iko nyekundu," alisema. "Niko naiona."

Akakiweka mapajani.

"Sasa kuya karibu, kaka. Nikuone na weye."

Miaka mingi baba yangu hajainama hata kufunga kamba za viatu. Mimi ndiye ninayemfungia. Alininyooshea mkono nimshike, akashuka taratibu, goti moja, kisha la pili, mpaka uso wake ukafika mbele ya jicho lile.