Jino Moja la Mkanda

Mtu huyu alipima macho ya wenzake kwa miaka ishirini na sita, na katika muda wote huo pua yake haikuwahi kubeba miwani. Mtaani walimwita Daktari, ingawa mwenyewe hakuchoka kuwasahihisha kwamba yeye ni mpima macho tu. Nyumbani alikuwa Baba Pacha, jina lililoanza kumpwaya tangu pacha wenyewe walipokwenda chuoni na kuacha vyumba viwili visivyo na kelele.

Hakujua kutulia. Akiketi, vidole vilipiga ngoma mezani. Akila, aliinuka tonge likiwa bado mdomoni, akaenda uani kulitazama gari lake la mbio, la milango miwili, lililokaa juu ya stendi nne, boneti wazi kama mgonjwa aliyeambiwa afungue kinywa.

Gari lilikuwa na miaka ishirini na saba. Enzi zake, likikanyagwa mafuta, turbo ilipiga mluzi na abiria akashika kiti kwa mikono miwili. Alilinunua mtumba, mwaka ule ule pacha walipozaliwa, jambo ambalo mkewe hakulisamehe kabisa: watoto wawili, milango miwili, na kila safari mtu kukunjwa kama shuka ili apite nyuma. Tangu hapo hakuna fundi aliyeligusa. "Fundi wa gari hili ndiye mimi," alisema Baba Pacha, na kwa miaka mingi ilikuwa kweli.

Lakini mwaka huu kila alichokishika kilimgeuka. Alifunga bomba la rejeta, likavuja. Alibadilisha plagi, injini ikakohoa wiki nzima. Kila mara alivilaumu vipuri. "Vya siku hizi sura tu," alinung'unika. Moyoni, hata hivyo, kulikuwa na swali lililomtambaa kama siafu: je, kama si vipuri? Je, kama ni mikono hii?

Mama Pacha alikuwa fundi cherehani, na cherehani yake ilitazamana na uwanja huo wa vita. Alivumilia, akavumilia, hadi siku alipoweka mkasi chini.

"Baba Pacha, tuelewane. Jumapili utaliwasha. Likiwaka, nitanyamaza mpaka nife. Likigoma, linaondoka."

"Linaondoka kwenda wapi?"

"Kwa jirani. Amekuwa akilimezea mate tangu wanangu wako chekechea."

Baba Pacha alikubali haraka, kama mtu anayeogopa kuulizwa mara ya pili. Jirani, fundi wa majokofu, akaambiwa aje Jumapili saa kumi alasiri.

Jumapili ilipofika, kazi iliyobaki ilikuwa moja, nayo ndiyo ngumu kuliko zote: kubadilisha mkanda wa taimingi, ule mkanda wa mpira wenye meno unaoziunganisha puli za juu ya injini na ile ya chini, ili zizunguke kwa pamoja. Ukiruka jino moja tu, injini hutetemeka kama mwenye homa, au hukataa kabisa kuwaka. Ukiruka zaidi, pistoni hugongana na vali, na hapo ni kilio. Kwa hiyo Baba Pacha alichukua bila ruhusa rangi ya kucha ya mkewe, nyekundu, na kabla ya kuutoa mkanda mkuukuu akachora kistari chembamba kwenye kila puli na kingine mkabala wake kwenye mwili wa injini. Mkanda mpya ulipokaa, alitia spana kwenye puli ya chini, akaizungusha injini taratibu mizunguko miwili kamili. Akainama, akarudisha kichwa nyuma, akakunja uso. Vistari vilikutana. Akatazama tena. Vilikutana, au angalau wekundu ulikuwa mahali pamoja. Alizunguka gari mara nne, akarudi, akatazama mara ya tatu.

Jirani alichungulia juu ya ukuta. Saa yenyewe ilikuwa saa nane tu.

"Daktari! Mgonjwa ameamka, au nije na sanda?"

"Wewe nenda kapoze majokofu yako."

"Mimi natia gesi, linapoa, nalala. Wewe umelala lini?"

Baba Pacha alifunga betri, akafungua mlango, akaketi kwenye usukani. Ufunguo ulikuwa tayari kwenye swichi. Akaushika.

Wakati huo Mama Pacha alikuwa ametoka nje kutafuta rangi yake ya kucha. Aliikuta juu ya betri, kifuniko wazi, brashi nyeusi kwa grisi. Alipoinama kuichukua, macho yaliyozoea kupitisha uzi kwenye tundu la sindano yakaangukia kwenye puli.

"Subiri!"

Baba Pacha aliuachia ufunguo kama uliomuunguza.

"Hiki kistari na hiki si vinatakiwa kutazamana?"

"Vinatazamana. Nimekagua mara tatu."

"Havitazamani. Hiki cha juu, upande wa kushoto, kimepita jino zima."

"Mama Pacha, hii si suruali."

"Ingekuwa suruali, mteja angekuwa amesharudi na kelele. Njoo utazame."

Alikuja. Akarudisha kichwa nyuma, akakunja uso, akanyoosha shingo. Ukungu mwekundu. Mkewe alikuwa akimtazama yeye sasa, si puli.

"Wateja wako wakishika gazeti kwa mkono ulionyooka, huwa unawaambiaje?"

Jibu alilijua, kibwagizo chake cha kazini. Alikuwa amekisema mara elfu, na kila mara walicheka. Hakucheka.

"Mikono yako haijawa mifupi," alisema polepole. "Ni macho yaliyochoka."

Bomba lililovuja, plagi zilizokohoa: kumbe yote hayo ni macho. Aliingia ndani, akafungua mkoba wake wa kazi, akatoa miwani ya mfano ya kusomea, akairudisha, akaitoa tena. Uani, akaivaa na kuinama. Jino moja. Lilikuwa wazi kama pengo la mtoto. Na si hilo tu: aliona nyufa kwenye mipira, kutu kwenye vibanio, mafuta yaliyokuwa yakivuja nani ajuaye tangu lini. Injini nzima ilikuwa imezeeka nyuma ya mgongo wake.

"Ungenyamaza," alimwambia mkewe, "leo lingeondoka."

"Najua."

"Sasa mbona hukunyamaza?"

Mama Pacha aliifuta brashi kwa kitambaa. "Rangi ni yangu. Sitaki mstari wangu usingiziwe. Haya, nikumulikie wapi?"

Waliulegeza mkanda, wakaurudisha jino moja, wakazungusha mizunguko miwili. Safari hii mkewe ndiye aliyesema, "Hapo." Ufunguo ukageuzwa. Injini ilikohoa mara moja, ikashika, kisha ikanguruma hadi bati la paa likajibu.

Saa kumi kamili jirani aliingia, akasimama mlangoni.

"Daktari! Kumbe na wewe unavaa miwani?"

"Tangu saa tisa," alijibu Mama Pacha. "Gari haliuzwi, shemeji. Karibu kiti."

Lakini Baba Pacha hakuwa mtu wa kukaa. Alilishusha gari kutoka kwenye stendi, akamfungulia mkewe mlango, wakatoka kulijaribu gari. Kwa mbali aliona vizuri, kwa hiyo miwani aliitia kwenye mfuko wa shati. Kabla hawajafika njia kuu alikuwa ameugusa mfuko huo mara tatu.