Siku Niliyotahiniwa Ubaba

Kwetu mitaa ya Eastlands, mtoto akiambiwa alete mzazi shuleni, na mzazi yuko kazini, hatafuti udhuru. Hutafuta mzazi mwingine. Mchezo huo naujua tangu utotoni na nimeucheka sana. Sikujua kwamba binti yangu wa gredi ya tano alikuwa ameshanitafutia mbadala.

Mimi hufanya kazi ya usiku kwenye kiwanda cha sabuni, na mama yake hudamkia sokoni kuuza mitumba. Asubuhi moja nilitoka kazini, na badala ya kwenda kulala nikajiapiza: mkutano wa wazazi wa leo, liwe liwalo, nitauhudhuria. Nikaoga, nikachomekea shati, nikatoka mtaani kwetu Pipeline nikijiona mzazi wa mfano.

Shule yenyewe ni ya umma, na watoto wamejaa hadi mwalimu huwatambua kwa madawati yao. Wazazi ndio kabisa, atawajulia wapi? Nilipojitambulisha, mwalimu wa darasa, mama wa makamo mwenye miwani, alinikagua kutoka utosini hadi viatuni.

"Baba ya huyo msichana tunamjua," akasema. "Si yule pale mbele? Ndiye mwenyekiti wa wazazi wa darasa."

Kumbe ni fundi wa viatu anayeketi langoni mwa shule! Amevaa koti, anawaeleza watu jinsi mlango wa choo cha wasichana utakavyotengenezwa. Aliponiona, akaanza kulivua koti.

"Huyo ni fundi wa viatu!" nikafoka.

"Na wewe ni nani?" mwalimu akauliza. "Hapa tumeshaletewa wajomba wa kuazima, hata makanga wa matatu. Haya, binti yako hukaa dawati gani?"

Sikujua.

"Anapenda somo gani?"

"Hesabu," nikabahatisha.

Fundi akakohoa. "Ni sayansi, buda," akaninong'oneza kwa huruma. "Na maharagwe huwa hali."

Msaliti mkubwa! Wazazi walicheka hadi mabenchi yakalia. Mwalimu akaagiza binti yangu aitwe aseme mwenyewe, nami nikaketi kungoja hukumu. Mwanangu akimchagua fundi, uso wangu nitauweka wapi? Lakini benchi ni benchi, na mwili uliokesha hauna aibu. Nikasinzia.

Sauti yake ndiyo iliyonizindua. "Huyu ndiye baba yangu wa ukweli, tichaa. Si unaona vile amefungua mdomo? Hulala hivyo tu."

Kicheko kilichoanguliwa pale kilisikika barabarani. Nikapangusa mate kidevuni. Mwalimu naye alivua miwani afute machozi. "Kwani humjui akiwa macho?"

"Namjua," binti yangu akajibu, hana utani. "Jumapili."

Mimi iliniuma, sitaficha.

Tulikubaliana fundi abaki mwenyekiti, maana mlango wa choo ulikuwa bado haujapata bawaba. Sikwenda kulala. Nilikaa langoni kwenye kigoda chake, nikinawa uso kila usingizi uliponinyemelea, mpaka kengele ya jioni ikalia.

Binti yangu alitoka, akasimama, akaniinamia kuchungulia macho.

"Baba, hujalala?"

"Sijalala."

Akanishika mkono, akaanza kunieleza habari za mapafu waliyosoma kwenye sayansi. Hakunyamaza hadi Pipeline, nami nilimsikiliza nimetoa macho kodo.