Bunduki ya Mama Chebet Kulipiwa Kodi Mara Mbili

Jamani, leo huenda nimepoteza kazi kwa sababu ya bunduki ambayo hata si yangu.

Mnajua mimi ni karani katika duka la bunduki hapa Eldoret.

Asubuhi amekuja Mama Chebet, mjane aliyenunua kipande cha shamba la mzungu aliyehama kule Burnt Forest. Nyani wanammalizia mahindi. Bunduki aliinunua Arusha, ikatumwa kwetu tumkabidhi akishapata kibali cha polisi, na leo amekuja nacho.

Bosi akamwambia, "Mama, bado kuna kodi ya mauzo."

Mama akaanza kufungua fundo la leso.

Na mimi nina karatasi ya forodha mkononi! Kodi ililipwa mpakani Namanga. Isitoshe, sisi hatujamuuzia kitu.

Nikasema, kwa sauti kubwa kuliko nilivyotaka, "Bosi, hii ilishalipiwa Namanga."

Wateja wote wakageuka.

Bosi akaisoma karatasi mara mbili, uso umemwiva.

"Mpe bunduki yake." Halafu, bila kuniangalia: "Wewe, kesho uje mapema."

Mama ameshaenda kwake. Mimi tangu nitoke kazini nazunguka tu mjini, hata chai hainyweki.

Mapema ya nini sasa?

Semeni ukweli, nyinyi mngenyamaza?