Walinzi Wanga

Mume wangu huandika mabango ya maduka, na watu humwita Nafasi. Jina hilo alijitakia mwenyewe. Mwonyeshe bango lolote alikosoe, hatakwambia rangi wala picha, atakwambia, "Nafasi kati ya herufi! Herufi ni watu, zikibanana zinagombana." Nimelala naye kitanda kimoja tangu ujana, na hajawahi kulikumbuka somo hilo mimi ninapobanwa ukutani.

Ugonjwa wake mkubwa ni filamu moja ya mashujaa wanaoruka, Walinzi wa Anga. Siyo filamu yenyewe, maana hiyo hatujaiona. Ni ule mwanzo tu, jina linapotokea. Anga jeusi, kimya, halafu herufi zinadondoka moja moja, nzito, za rangi ya shaba. Hapo anabonyeza rimoti, picha inaganda, darasa linaanza. "Unaona W inavyotua? Vumbi linatimka. Hujaona sura ya mtu, lakini umeshajua hawa si wa mchezo." Kisha radi inapiga katikati ya maneno, naye anarudisha nyuma. Mashujaa wenyewe nadhani wamezeeka wakisubiri zamu yao.

Basi binti yetu akaleta mchumba, fundi wa majokofu, kijana mpole. Binti alimpenda kufa. Lakini baba yake alikwisha kuwakataa wawili kwa sababu walikaa mbele ya televisheni wakasema "nzuri" tu. Na huyu akikataliwa, binti aliniapia, atahama nyumba. Nikamfunda kijana pale mlangoni: "Ukiulizwa umeona nini, sema nafasi. Usiongeze neno."

Akaketi. Herufi zikadondoka, radi ikapiga. Mume wangu akamgeukia.

"Haya, mwanangu, umeona nini?"

Jasho likamtoka kijana, na somo langu likamtoka pamoja nalo. "Samahani, baba. Kwani hawa walinzi ni wanga?"

Binti alifumba macho. Mimi nilishika kichwa. Uchawi, jamani, siku ya posa!

Mume wangu akarudisha picha polepole. Kumbe kweli: kabla ya radi, A ya "wa" na A ya "anga" hulaliana, na kwa kufumba na kufumbua inasomeka WALINZI WANGA. Radi ndiyo inayozitenganisha. Miaka yote hiyo yeye aliidhani pambo.

"Radi ndiyo nafasi yenyewe," alinong'ona, akamkumbatia kijana huku machozi yakimlengalenga. "Mchukue binti. Mchukue hata leo."

Nilikimbilia jikoni kwa furaha, nikaanza kupanga vikombe. Binti akanifuata na sinia la chai ambayo hakuna aliyeigusa.

"Mama, namwita haji. Anasema nisubiri wamalize ile L."

"Utazoea, mwanangu."

"Wewe umezoea?"

Swali lile liliniuma kuliko nilivyotegemea.

"Kawaambie nimekataa," akasema.

Nikaenda sebuleni nikasimama mbele ya televisheni, maana pengine popote wasingeniona. Nikatangaza kwa sauti kwamba posa imekataliwa, na aliyekataa ni bibi harusi mwenyewe.

Kijana akachungulia pembeni ya kiuno changu.

"Sogea kidogo, mama," akasema kwa adabu. "Unaziba radi."