Treni ya Mama Riziki Iliyokataa Kuondoka

Sogea karibu, na cheka ukimaliza kunisikiliza, si kabla. Mimi ni fundi wa vifaa vya umeme pale Katubuka, na sina tabia ya kuona vitu. Hiki nilikiona saa tisa mchana, kwa macho yangu haya mawili.

Mama Riziki wa Bangwe aliniita kwake. Marehemu mumewe, dereva wa treni mstaafu, alimwachia treni ndogo ya mezani inayoongozwa kwa rimoti. Tangu azikwe, ikifika kwenye kistesheni chake cha mbao inapiga honi, inasimama, haiendi tena. Majirani wakasema ni jini.

"Ukishindwa leo, mwanangu, kesho naitupa ziwani," akasema, lakini mkono wake haukubanduka kwenye injini.

"Haitupwi, mama."

Akaenda kuchemsha chai.

Kazi hii haina uchawi, niamini. Nilifuta reli kwa spiriti, maana uchafu hukata umeme. Nikakagua namba, kwa sababu kila injini ina namba yake, na rimoti ikiita namba nyingine injini haisikii. Vyote vizima, na bado ikasimama palepale. Nikachomoa waya ukutani ili nifungue injini nikague chipu yake.

"Umehangaika, fundi."

Mzee mwenye kofia ya kazi alikuwa amekaa kwenye kiti, karibu na mlango wa uani. Nikadhani ni jirani.

"Shikamoo, mzee. Haya ni mambo ya kompyuta."

"Marahaba. Kompyuta unaijua, reli huijui. Dereva anaondokaje bila tokeni? Na tokeni haitolewi na fundi." Akaonyesha pete ya waya iliyoning'inia msumarini.

Mama Riziki akaingia na chai. Kugeuka, kiti kitupu, na mlango wa uani una kofuli. Nikamwuliza kuhusu ile pete. Akalitua birika mezani.

"Ni tokeni yake. Kazini, stesheni masta alikuwa akimkabidhi dereva pete, ndiyo ruhusa ya njia. Hapa nyumbani stesheni masta ni mimi. Nisipomkabidhi haondoi treni, hata nimtukane! Siku aliyokufa nilikuwa sokoni Ujiji. Sikumkabidhi."

Akaitwaa pete, akaiweka kwenye kistesheni. "Haya, Baba Riziki. Njia nyeupe."

Injini ikapiga honi, ikaondoka taratibu, ikazunguka meza nzima. Utaniuliza, umeme ulitoka wapi? Waya nilikuwa nimeushika mimi.

Treni haijatupwa, na haijagoma tena. Mimi huwa napita kunywa chai, ila kwenye kile kiti sikai.

Basi nakuonya: kifaa cha marehemu usikimbilie kukifungua. Kwanza waulize wa nyumbani, mwenyewe alikuwa akikiwashaje. Ndipo ushike bisibisi.