Barua Ambayo Sikumsomea Mama

Jamani, hii nawasimulia nikiwa nimeinamisha kichwa, maana hata leo nikipita kijijini kwetu Heru Juu kuna watu wananiita Maharage, na siwezi kuwalaumu.

Nilikuwa nafundisha kwa kujitolea Kibondo nilipopata nafasi ya kusoma nje. Kilichobaki ni viza, na wenye viza walitaka mdhamini mwenye hela za kutosha benki. Mama yangu ni mkulima, angezitoa wapi? Basi kikundi chake cha kuweka na kukopa, akina mama watupu (baadhi yao walinibeba mgongoni), wakafungua sanduku wakamkopesha karibu zote zilizokuwamo, zikae kwenye akaunti yake Kasulu mpaka nipate majibu. Hakuna aliyedai hata riba.

Hapo ningesema ukweli yangeisha. Lakini nikaona aibu kuandika mkopo, nikaandika barua kwamba hela zote ni akiba ya mama, ya kuuza maharage. Mama hajui kusoma. Akaniuliza, "Inasema nini?" Nikamjibu, "Mambo ya viza tu, mama, weka dole gumba hapa" (nilikuwa na haraka, bodaboda ananisubiri), naye akaweka.

Alhamisi moja asubuhi nikaenda kuwasalimia siku ya kikundi, wamekaa kwenye mkeka, sanduku katikati, mara simu ya mama ikaita. Sikio lake moja ni zito, kwa hiyo akaweka sauti kubwa kama kawaida yake.

"Mwakeye!" akasalimia.

Mwanamume akajitambulisha kuwa anapiga kutoka ofisi ya viza, akauliza kama zile hela za benki ni akiba yake ya maharage.

Mama akawatazama wenzake. Kwenye kikundi kile hela ya sanduku huiti yako hata kwa utani, ndiyo maana lina kufuli tatu na funguo zake zinalala nyumba tatu.

"Hapana, baba. Ni za kikundi, wenyewe hawa hapa. Zangu ni hisa chache tu."

"Mbona barua yako inasema ni zako?"

"Aliandika mwanangu. Huyu hapa, ongea naye."

Nikapokea simu mbele ya wote, nikajifanya mtandao unasumbua: "Halo? Halo? Sikusikii…"

"Mbona sisi tunamsikia?" mama akasema.

Yule bwana akakata. Bi Zuhura, mweka hazina, akaniuliza taratibu, "Kwa hiyo sisi ndiyo maharage?"

Viza nilinyimwa, na hela zikarudi sandukuni zote. Iliniuma sana, lakini kilichoniuma zaidi ni mama kusimama palepale kuomba radhi kwa barua asiyoijua. Nimeapa sitamshikisha tena mtu kalamu wala wino kwa jambo nisilomweleza.

Juzi nilimpelekea fomu ya mbolea ya ruzuku. Akakunja ngumi, dole gumba likiwa ndani. "Nisomee kwanza." Nikamsomea neno kwa neno mpaka chini. Akanishukuru, akaichukua, akajifunga khanga, akaenda nayo kwa Bi Zuhura ili naye amsomee.