Nyanya Alipolazwa Juu ya Mlango

Ilianza Jumamosi, saa nne kasoro robo asubuhi, nyanya alipoinama kuokota mwiko jikoni kwetu akashindwa kuinuka. Nilidhani anatafuta kitu kingine.

"Mbona umesimama hapo kama mlingoti?" akasema, bado ameinama. "Mgongo umeshika!"

Baba, fundi wa mbao katika karakana ya reli, alikuwa nje chini ya dirisha ananoa randa. Angeweza kumbeba nyanya bila kutoa jasho, ila nyanya ndiye mama yake mama, na kwetu magharibi mtu hamgusi mama mkwe wake, wala hawatazamani. Ndiyo maana hata akija Nakuru kututembelea, nyanya hulala kwa jirani, mama mmoja wa kanisani. Basi baba akageukia ukuta akaanza kunituma.

"Mwambie nyanya yako asijikunje."

"Mwambie baba yako nimeshajikunja."

Walikuwa wanasikiana vizuri kabisa, lakini nilirudia kila neno. Mimi, ambaye darasani nikiulizwa swali nasahau hata jina langu!

Nilikimbia sokoni kumwita mama. Alirudi na lori la Molo lililokuwa limemaliza kuteremsha viazi, na dereva akakubali kutupeleka hospitali. Kila shimo nyanya alipiga kelele, "Polepole, kijana! Mimi si gunia!"

Daktari alisema Kiingereza, nami nikatafsiri nikitazama viatu vyangu. Kati ya mifupa ya uti wa mgongo mna vipande laini kama mito midogo ya kulalia. Mtu akizeeka vinakauka na kubonyea, na kimoja cha nyanya kilikuwa kimetokeza, kinabana neva inayoshuka mguuni. Nilipofika kwenye uzee nilinong'ona.

"Sema kwa nguvu," nyanya akanikemea. "Masikio hayajakauka."

Dawa ilikuwa aspirini, kukandwa na chumvi moto, na kulala chali wiki tatu juu ya ubao mgumu. Baadaye angefungwa mkanda wa turubai kiunoni. Sakafuni asilale, saruji ina baridi, na kitanda cha kubonyea ndicho kibaya zaidi: mguu ungezidi kufa ganzi, pengine asitembee vizuri tena. Nyanya aliuliza jambo moja tu, kama atapanda wimbi lake mwenyewe shambani msimu ujao. Daktari akasema itategemea atakavyolala.

Sasa, kitanda cha jirani kilikuwa cha waya, kimelegea kama bembea. Nilipomweleza baba, alichukua bisibisi akafungua mlango wa chumba chao na mama, akauegemeza nje. Mama nami tukaubeba hadi kwa jirani, baba akatufuata kwa mbali akasimama nje chini ya dirisha. Nyanya alikuwa amesimama humo, bado amejikunja, amemshika jirani mabega yote mawili.

"Huo mlango ni wa wapi?"

"Wa chumbani," mama akajibu bila kufikiri.

"Chumba cha mkwe wangu? Nilalie mlango wa mkwe wangu? Heri nibaki nimejikunja hivi hivi!"

Mama alibembeleza, jirani akaomba, nyanya akakaza shingo. Nje baba alikohoa tu. Miguu ya nyanya ilikuwa inatetemeka. Sijui sauti niliitoa wapi.

"Kukhu," nikamwita, maana nyanya tunamwita hivyo kwetu, "nyumba hizi zote ni za reli. Baba hana hata msumari mmoja hapa. Wakimhamisha kesho, mlango unabaki."

Nyanya akageuza shingo akautazama mlango.

"Kwa hiyo reli ndiyo inanilaza?"

"Ndiyo, Kukhu."

"Haya. Reli sijaioza binti. Nilazeni."

Kicheko cha baba kilipita dirishani.

"Mwambie baba yako asicheke," nyanya akasema akishushwa taratibu. "Na umwambie mlango ni mzuri."

Asubuhi iliyofuata nilikata bua la jani la boga nyuma ya nyumba, nikaparua vimiiba vyake, nikalipuliza kuhakikisha limetoboka, kisha nikamnywesha nyanya uji kwa bua hilo akiwa amelala chali, huku nikimkataza kuinua kichwa.